Ufadhili wa serikali kwa utafiti wa hidrati ya methani

Ufadhili wa serikali kwa utafiti wa hidrati ya methani ni matumizi ya fedha za umma kuchunguza kama gesi iliyofungwa ndani ya barafu, chini ya bahari na katika ardhi iliyoganda ya kaskazini ya dunia, inaweza kutolewa na kutumika kama nishati. Nchi zilizotumia fedha nyingi na kwa muda mrefu ni Marekani, Japani, Uchina, Uhindi, Korea Kusini na, hadi mwaka 2013, Kanada.

Baada ya zaidi ya miaka ishirini ya majaribio, hakuna kampuni inayochimba hidrati ya baharini na kuuza gesi yake kama biashara ya kawaida. Karibu visima vyote vya majaribio vimelipiwa, kwa sehemu kubwa, na walipa kodi. Hapo ndipo ulipo mjadala: kwa nini serikali ziendelee kulipia chanzo cha nishati ambacho makampuni yenyewe bado hayakikimbilii, na ambacho huenda kikawa tayari wakati serikali hizohizo zimeahidi kupunguza matumizi ya gesi?

Hidrati ya methani

Hidrati ya methani ni yabisi inayofanana na barafu. Molekuli za maji hujipanga kuwa vizimba vidogo, na ndani ya vizimba hivyo hukaa molekuli za methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia. Vizimba hudumu mahali penye baridi na shinikizo (kanieneo) kubwa tu. Hali hizo mbili hupatikana pamoja katika mashapo yaliyo chini ya bahari yenye kina cha mita 300 hadi 500 na zaidi, na pia chini ya ardhi inayobaki imeganda mwaka mzima huko Alaska, Kanada na Siberia.

Mita moja ya ujazo ya hidrati ikivunjika hutoa takriban mita za ujazo 160 za gesi katika hali ya kawaida ya hewa, pamoja na maji. Kipande kilichopandishwa kutoka baharini kikiguswa kwa kiberiti huwaka huku kikidondosha maji. Ndiyo asili ya jina "barafu inayowaka" linalopendwa na magazeti.

Jamii hii ya vitu ilijulikana maabara mapema. Humphry Davy wa Uingereza alieleza hidrati ya klorini mwanzoni mwa karne ya 19, na Michael Faraday akaonyesha muundo wake mwaka 1823. Kwa miaka mingi haikuwa na maana nje ya maabara. Mwaka 1934 mhandisi Mmarekani Hammerschmidt alionyesha kwamba vizibo vilivyokuwa vikifunga mabomba ya gesi wakati wa baridi havikuwa barafu ya kawaida bali hidrati. Kwa hiyo sekta ya mafuta iliifahamu kwanza kama kero. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Umoja wa Kisovyeti, akiwemo Yuri Makogon, walionyesha kwamba hidrati inaweza kuwepo kiasili ardhini. Gesi ilianza kuchimbwa katika eneo la Messoyakha, Siberia, karibu na mwaka 1970, na watafiti wengi waliamini kwamba sehemu yake ilitokana na hidrati iliyokuwa ikivunjika juu ya gesi ya kawaida. Wengine wamelipinga dai hilo, na ubishi haujaisha.

Kiasi kilichopo na kiasi kinachotolewa

Msomaji wa habari za hidrati hukutana haraka na namba kubwa mno. Katika miaka ya 1980 na 1990 ilisemwa mara kwa mara kwamba kaboni iliyo ndani ya hidrati inazidi mara mbili ile ya mafuta, makaa ya mawe na gesi yote ya dunia. Kadiri visima vilivyoongezeka, makadirio yalishuka. Makadirio ya baadaye bado ni makubwa, lakini yanatofautiana kwa mara kadhaa kutoka kwa mtafiti mmoja hadi mwingine.

Kosa la kawaida ni kuchukua kiasi kilichopo kana kwamba ndicho kiasi kinachoweza kuchimbwa. Sehemu kubwa ya hidrati ya dunia imetawanyika kwa uchache katika tope laini la bahari kuu, na hakuna njia inayojulikana ya kuitoa kwa faida. Kinachowavutia wachimbaji ni sehemu ndogo iliyojaa kwa wingi kati ya chembe za mchanga, kwa sababu mchanga hupitisha gesi na maji kuelekea kisimani.

Hata sehemu hiyo ndogo haikadiriwi mara moja ikaisha. Mwaka 2008 Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS) ilikadiria kwamba futi za ujazo trilioni 85.4 za gesi zinaweza kutolewa kutoka kwenye hidrati ya kaskazini mwa Alaska kwa teknolojia iliyopo. Mwaka 2019, baada ya takwimu bora kupatikana, idara hiyohiyo ilishusha kadirio hilo hadi trilioni 53.8. Namba zote mbili zinahusu kinachowezekana kiufundi. Hazisemi kama gesi hiyo italipa gharama zake.

Marekani: sheria na bajeti

Wizara ya Nishati ya Marekani ilikuwa na mpango wa kwanza wa utafiti wa hidrati tangu mwaka 1982 hadi 1992. Tayari mwaka 1972 kisima kimoja cha mafuta huko Alaska, kiitwacho Northwest Eileen State-2, kilikuwa kimetoa vipande vya hidrati halisi. Lakini bei ya gesi ilikuwa ndogo, na mpango ukafungwa.

Ulifufuliwa kwa sheria maalumu. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Utafiti na Uendelezaji wa Hidrati ya Methani, na Rais Bill Clinton akaitia sahihi Mei 2000. Katika Seneti, mtetezi wake mkuu alikuwa Daniel Akaka wa Hawaii, jimbo la visiwani lisilo na mafuta yake. Sheria iliidhinisha jumla ya dola milioni 47.5 kwa miaka mitano, kuanzia milioni 5 mwaka wa fedha 2001 hadi milioni 12 mwaka 2005. Ilipohuishwa ndani ya Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005, ahadi ilipanda: milioni 15 mwaka 2006, 20 mwaka 2007, 30 mwaka 2008, 40 mwaka 2009 na 50 mwaka 2010, yaani jumla ya dola milioni 155.

Mwanafunzi wa uraia azingatie jambo moja hapa. Nchini Marekani sheria ya aina hii huweka kiwango kinachoruhusiwa tu. Fedha zenyewe hutolewa na sheria nyingine, ya bajeti, kila mwaka. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini Bunge la Marekani haliwajibiki kulipa deni la namna hiyo. Katika miaka ya 2006 hadi 2010 kilichotengwa kilikuwa pungufu kwa mbali ya kilichoidhinishwa, na baada ya hapo bajeti ya hidrati ikawa jambo la kuvutana mwaka hadi mwaka. Katika bajeti ya Wizara ya Nishati, inayohesabiwa kwa mabilioni, huu umekuwa mpango mdogo.

Mpango huo mdogo ulizaa mambo ya kuonekana. Kupitia Maabara ya Taifa ya Teknolojia ya Nishati, serikali iliungana na kundi la makampuni likiongozwa na Chevron, likachimba visima vya uchunguzi katika Ghuba ya Meksiko mwaka 2005 na 2009. Safari ya pili ilithibitisha kwamba hidrati ipo huko ndani ya mchanga, si ndani ya tope peke yake. Kule Alaska, kisima cha Mount Elbert kilichimbwa mwaka 2007 pamoja na BP.

Mwaka 2012 ilifuata Ignik Sikumi, jina la lugha ya Kiinupiaq linalomaanisha "moto ndani ya barafu". Hapo Wizara ya Nishati, kampuni ya ConocoPhillips na shirika la serikali ya Japani JOGMEC walijaribu wazo la kuvutia: kusukuma dioksidi ya kaboni, ikiwa imechanganywa na nitrojeni, ndani ya hidrati ili ichukue nafasi ya methani katika vizimba. Gesi ingetoka, na hewa chafu ingebaki ardhini. Kisima kilitoa gesi kwa takriban mwezi mmoja. Ilionekana kwamba mabadilishano hutokea, lakini sehemu ya methani ilitoka kwa sababu shinikizo lilipunguzwa tu, na si rahisi kutenganisha matokeo ya njia hizo mbili.

Waziri wa Nishati Steven Chu alitangaza matokeo hayo Mei 2012. Wakati huo kitu kingine kilikuwa kimeshabadilisha hesabu yote. Wachimbaji wa Marekani walikuwa wamefaulu kutoa gesi katika miamba ya tope gumu kwa kuipasua kwa maji yenye shinikizo kubwa. Gesi ikafurika sokoni. Mwaka 2012 bei ya wastani nchini humo ilikuwa chini ya dola 3 kwa kila milioni ya BTU, kizio kinachotumika kupima nishati ya gesi. Katika mwaka huohuo Japani ilinunua gesi iliyosindikwa kwa zaidi ya dola 15 kwa kizio hicho.

Tofauti hiyo ya bei inaeleza mengi kuhusu ufadhili kuliko hotuba za mawaziri. Kwa Marekani, hidrati iligeuka kuwa akiba ya baadaye sana. Kwa Japani, ilikuwa karibu kuwa suala la usalama wa taifa.

Japani: nchi isiyo na gesi

Japani huagiza kutoka nje karibu mafuta na gesi yake yote. Mwaka 2001 wizara yake ya uchumi, biashara na viwanda ilianzisha mpango wa utafiti wa hidrati wa miaka 18 uliogawanywa katika awamu tatu. Hakuna serikali nyingine iliyojifunga kwa muda mrefu hivyo tangu mwanzo.

Majaribio ya kwanza yalifanyika nchi kavu, ugenini. Katika eneo la Mallik, kwenye delta ya mto Mackenzie kaskazini mwa Kanada, Japani na Kanada na washirika wengine walizungusha maji ya moto kisimani mwaka 2002 na kupata gesi kidogo kwa siku tano. Waliporudi mwaka 2008 walitumia njia nyingine: walipampu maji kutoka kisimani ili shinikizo lishuke, na hidrati ikavunjika yenyewe. Katika siku sita walipata gesi nyingi mara kadhaa kuliko mwanzo, bila gharama ya kuchemsha maji. Tangu hapo kupunguza shinikizo kumekuwa njia kuu duniani. Kanada, ambayo ina gesi ya kawaida ya kutosha, iliacha kufadhili utafiti huo mwaka 2013.

Baharini, Japani ilielekeza macho kwenye mfereji wa Nankai, kusini mwa kisiwa kikuu cha Honshu. Ilikadiriwa kwamba upande wake wa mashariki una takriban mita za ujazo trilioni 1.1 za methani, kiasi kinacholingana na gesi iliyosindikwa ambayo nchi hiyo iliagiza kwa muda wa miaka kumi hivi, kwa kiwango cha mwaka 2011. Mwaka huo wa 2011 ndio tetemeko na tsunami vilipoharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Vinu vya nyuklia vilizimwa kimoja baada ya kingine, na gharama ya kuagiza gesi ikapanda ghafla. Hidrati ilipata uzito wa kisiasa ambao haikuwa nao kabla.

Tarehe 12 Machi 2013 meli ya uchimbaji Chikyu ilitoa gesi kutoka kwenye hidrati ya chini ya bahari kwa mara ya kwanza duniani, mahali penye kina cha maji cha takriban mita 1,000. Kwa siku sita ilitoka gesi ya mita za ujazo zipatazo 120,000. Kisha mchanga ukaingia kisimani, na jaribio likasimama kabla ya wakati uliopangwa.

Mchanga huo unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio uliokula muda na fedha nyingi zaidi. Katika mashapo ya Nankai, hidrati yenyewe ndiyo saruji inayoshikilia chembe za mchanga. Ikivunjika, saruji imeondoka. Gesi na maji vinavyokimbilia kisimani hubeba mchanga uliolegea, ukiziba vichujio na kuharibu pampu. Zaidi ya hayo, kuvunjika kwa hidrati hufyonza joto, hivyo mwamba hupoa na kasi ya kutoa gesi hupungua. Mchimbaji anavuta gesi kutoka mahali panapolegea na kupoa kwa sababu ya kazi yake mwenyewe. Mashapo ya namna hii hayapo katika visima vya gesi vya kawaida, na ndiyo maana uzoefu wa sekta ya mafuta haukutosha.

Mwaka 2017 Chikyu ilirudi. Kisima cha kwanza kilisimamishwa na mchanga tena baada ya siku 12. Cha pili, chenye kichujio kilichowekwa kwa namna tofauti, kilidumu siku 24 bila tatizo hilo na kutoa zaidi ya mita za ujazo 200,000. Mchanga ulikuwa umeshindwa, angalau kwa siku 24, lakini kiasi cha gesi hakikupanda kadiri siku zilivyokwenda kama mifano ya kompyuta ilivyotabiri.

Serikali ilikuwa imepanga kwamba miradi ya kibiashara inayoongozwa na makampuni binafsi ianze kati ya mwaka 2023 na 2027. Miaka hiyo imefika, na kinachoendelea bado ni utafiti unaolipiwa na umma.

Uchina, Uhindi na Korea Kusini

Uchina ilianza baadaye na kwenda kwa kasi. Katika eneo la Shenhu, Bahari ya Kusini ya Uchina, jaribio la mwaka 2017 lilidumu siku 60 na kutoa mita za ujazo zaidi ya 300,000. Mwaka huohuo serikali iliitangaza hidrati kuwa madini ya 173 katika orodha rasmi ya nchi. Mwaka 2020, kwa kisima kilicholazwa badala ya kuchimbwa wima, ilipatikana mita za ujazo 861,400 kwa siku 30.

Vyombo vya habari vya Uchina viliita matokeo hayo rekodi za dunia, na ni kweli yalikuwa rekodi. Hata hivyo, rekodi hupimwa vizuri zaidi zikilinganishwa na matumizi. Uchina ilitumia takriban mita za ujazo bilioni 330 za gesi mwaka 2020, yaani zaidi ya laki sita kila dakika. Gesi yote ya siku hizo 30 ingetosha nchi nzima kwa chini ya dakika moja na nusu. Kwa hesabu hiyohiyo, gesi ya Nankai ya mwaka 2013 ingeitosha Japani kwa takriban nusu dakika. Hilo si jambo la kudharau jaribio, kwa kuwa jaribio halikusudiwi kulisha mji. Lakini linaonyesha umbali uliopo kati ya tangazo na jiko la mpishi.

Kipimo muhimu zaidi ni muda. Kisima cha kibiashara hutarajiwa kutoa gesi kwa miaka, si kwa wiki, ili kirudishe gharama za kukichimba baharini. Kwa hiyo anayesoma habari ya jaribio jipya la hidrati afaidike kwa kuuliza kwanza lilidumu siku ngapi na lilisimama kwa sababu gani, kabla ya kuuliza ni mita ngapi za ujazo.

Uhindi ina mpango wa taifa wa hidrati tangu mwaka 1997. Safari zake mbili za uchimbaji, mwaka 2006 na 2015, zilithibitisha akiba kubwa katika bonde la Krishna-Godavari, pwani ya mashariki. Korea Kusini ilichimba katika bonde la Ulleung mwaka 2007 na 2010. Nchi zote mbili huagiza gesi nyingi kutoka nje.

Hoja za wanaounga mkono na wanaopinga

Hoja ya kwanza ya kuunga mkono ni ya uchumi wa kawaida. Utafiti wa muda mrefu, wenye hatari kubwa ya kutofaulu, haufanywi na kampuni inayodaiwa faida kila robo mwaka. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika tathmini yake ya mwaka 2010, halikuona kikwazo cha kiufundi kisichoweza kushindwa, ila lilisisitiza haja ya jaribio la muda mrefu. Watetezi huongeza kwamba hata mbinu ya kupasua miamba iliyobadilisha soko la gesi la Marekani ilinufaika na utafiti wa serikali tangu miaka ya 1970, wakati ambapo wachache waliiamini.

Hoja ya pili ni kwamba maarifa haya yana kazi hata kama gesi haitauzwa kamwe. Mei 2010, kisima cha Macondo kilipokuwa kikimwaga mafuta katika Ghuba ya Meksiko baada ya mlipuko wa mtambo wa Deepwater Horizon, wahandisi walishusha kuba kubwa la chuma kulifunika vujo. Hidrati ilijijenga ndani ya kuba, ikaziba tundu la kutolea mafuta na kulifanya lielee. Mpango huo uliachwa, na mafuta yakaendelea kumwagika hadi Julai.

Wanaopinga husema kwamba ruzuku kwa hidrati ni ruzuku kwa nishati ya kisukuku, kwa jina la sayansi. Methani ikichomwa hutoa dioksidi ya kaboni, ingawa kidogo kuliko makaa ya mawe kwa kiasi kilekile cha nishati. Ikivuja bila kuchomwa, katika kipindi cha miaka 20 hupasha joto angahewa takriban mara 80 kuliko dioksidi ya kaboni ya uzito uleule.

Mara nyingi hoja hii huchanganywa na hofu nyingine, kwamba bahari ikipata joto hidrati itavunjika yenyewe na kuleta maafa ya ghafla. Mambo haya mawili yatenganishwe. Mapitio ya watafiti wa USGS na Chuo Kikuu cha Rochester ya mwaka 2017 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba methani ya hidrati inayovunjika leo inafika angani kwa wingi; sehemu kubwa huliwa na bakteria au kuyeyuka majini. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilisema kuna uwezekano mdogo sana kwamba hidrati itabadilisha mwelekeo wa gesijoto kwa namna inayopimika katika karne hii. Kwa hiyo hatari ya karibu haitoki kwenye hidrati iliyoachwa mahali pake. Inatoka kwenye gesi itakayochimbwa na kuchomwa kwa makusudi.

Hapo kalenda inakuwa ngumu kwa watetezi. Japani imeahidi kufikia usawa wa utoaji wa hewa ukaa ifikapo mwaka 2050, Uchina mwaka 2060, Uhindi mwaka 2070. Chanzo cha gesi kitakachoanza kuuzwa, tuseme, katika miaka ya 2030 kwa mitambo ya kudumu miaka 30 kitagonga tarehe hizo. Watetezi hujibu kwamba gesi inaweza kugeuzwa kuwa hidrojeni na kaboni yake kuzikwa ardhini. Jibu hilo linaongeza teknolojia ya pili yenye gharama juu ya ile ambayo bado haijalipa.

Jaribio la Alaska la mwaka 2023

Jaribio refu lililopendekezwa tangu mwaka 2010 lilipatikana hatimaye katika eneo la mafuta la Prudhoe Bay, Alaska. Kisima cha uchunguzi kilichimbwa mwishoni mwa mwaka 2018 kwa ushirikiano wa Wizara ya Nishati ya Marekani, USGS na JOGMEC. Kutoa gesi kulianza mwaka 2023 na kuendelea kwa takriban miezi kumi, hadi katikati ya mwaka 2024. Ni jaribio refu kuliko yote yaliyotangulia.

Mahali palichaguliwa kwa busara ya matumizi ya fedha. Nchi kavu, kandokando ya barabara na mitambo iliyopo, siku moja ya kazi hugharimu sehemu ndogo tu ya siku moja ya meli ya uchimbaji baharini. Japani, isiyo na ardhi iliyoganda yenye hidrati, ililipa ili kujifunza Alaska kile inachotaka kukifanya Nankai. Desemba 2023, wakati kisima hicho kikitoa gesi, mkutano wa tabianchi wa Dubai ulikubaliana kwa mara ya kwanza kwamba dunia iondoke hatua kwa hatua kwenye nishati ya kisukuku. Serikali za Marekani na Japani zilikuwa katika shughuli zote mbili.

Afrika Mashariki

Wasomaji wa Afrika Mashariki huuliza mara nyingine kama methani ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni ya aina hii. Siyo. Kina cha Kivu kinafika karibu mita 485 na shinikizo lake ni kubwa, lakini maji ya chini yana joto la zaidi ya nyuzi 20 za selsiasi, na vizimba vya hidrati haviwezi kudumu humo. Methani ya Kivu imeyeyuka majini kama gesi ndani ya chupa ya soda, na ndiyo maana inaweza kuvutwa kwa bomba bila kuvunja barafu yoyote. Mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda umekuwa ukiitumia kuzalisha umeme wa megawati zipatazo 26.

Kuhusu Tanzania, akiba kubwa iliyogunduliwa katika bahari kuu kuanzia mwaka 2010 ni ya gesi ya kawaida. Mashapo yake hayajagandishwa, na mbinu za kuichimba zinajulikana. Hata hivyo, hadi mwaka 2024 gesi hiyo ya bahari kuu ilikuwa haijaanza kutolewa, kwa kuwa mazungumzo ya mradi wa kuisindika mkoani Lindi yalikuwa hayajakamilika. Gesi inayotumika nchini hutoka Songo Songo na Mnazi Bay, ambako ugunduzi ulifanyika mwaka 1974 na 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa.